Daftari la Madubwana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nianze kuchora Daftari la Madubwana, hadithi yangu ya katuni, maswali ya wasomaji yamekuwa yakijirudia, na mengi yanastahili jibu refu kuliko lile ninaloweza kumwandikia mtu mmoja mmoja. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi, na mengine yamerefuka kwa sababu mtu akiniuliza habari za mifupa ya joka huwa sijui kunyamaza.

Hadithi hii inahusu nini?

Inamfuata karani wa serikali ya nchi ya kubuni, ambaye amekabidhiwa daftari, kalamu na agizo la kuorodhesha kila dubwana lililomo ndani ya mipaka ya nchi hiyo: jina, makazi, chakula, umri na shughuli. Serikali inataka kuyatoza kodi. Madubwana nayo hayajawahi kuulizwa swali lolote na mtu ambaye hakuwa akikimbia, ndiyo maana mengi yakishaanza kuzungumza hayakomi. Kila sura ni mahojiano na dubwana moja, na nyuma ya mahojiano hayo inapita hadithi ndefu zaidi, ambayo wasomaji wa siku nyingi wanaijua, kuhusu ukurasa mmoja wa daftari ambao mtu fulani alikwisha kuujaza kabla Karani hajakabidhiwa kazi.

Nianzie wapi kusoma?

Anayependa kufuata mambo kwa mpangilio aanzie sura ya kwanza. Mwenye haraka aanzie sura ya Kibogoyo, kwa kuwa inajitegemea, kisha arudi nyuma. Michoro ya madubwana pekee, isiyo sehemu ya hadithi, haina mpangilio wowote.

Kwa nini Karani hana jina?

Fomu anazozijaza zina nafasi ya jina la anayehojiwa tu.

Sura za madubwana unazitoa wapi?

Kwa wanyama. Jibu hili huwavunja moyo wanaotarajia kusikia habari za ndoto na majinamizi, lakini ndilo la kweli. Dubwana lililotoka kichwani peke yake huwa halina uzito. Linakuwa rundo la meno, pembe na kucha ambalo hata mchoraji wake hawezi kukueleza linalalaje likichoka. Leonardo da Vinci aliligusa jambo hili katika madaftari yake yapata miaka 500 iliyopita: anayetaka mnyama wake wa kubuni aonekane wa kweli na amwazimie kila kiungo kutoka kwa mnyama aliyepo, na kwa joka alipendekeza kichwa cha mbwa mkubwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, nyusi za simba na shingo ya kobe wa majini.

Naifuata kanuni hiyo kwa nyongeza moja, kwamba viungo vinavyoazimwa sharti vikubaliane kuhusu maisha ya mwenyewe. Tuchukue macho. Mboni ya mbuzi imelala, na mbuzi anapoinamisha kichwa kula majani, macho yake huzunguka ili mboni ibaki sambamba na ardhi, hivyo humwona adui anayenyemelea kutoka karibu pande zote. Mboni ya paka wa nyumbani imesimama wima, nayo ni mboni ya mwindaji mfupi anayevizia karibu na ardhi. Simba, ingawa ni wa ukoo huohuo, ana mboni ya duara. Mchoraji anayelipatia jitu la urefu wa mnazi mboni za wima kwa sababu tu zinatisha amelipatia macho ya kiumbe anayevizia panya, na msomaji, hata kama hajui lolote kuhusu mboni, huhisi kwamba kuna jambo halijakaa sawa.

Upande wa pili wa somo hili naupata kwa Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon, na Dürer, aliyekuwa Nuremberg na hakupata kumwona, alimchora kwa kutegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Ngozi ya kifaru yule ikawa vipande vya deraya, miguu ikaota magamba, na juu ya mabega pakachomoza kipembe cha ziada ambacho hakuna kifaru aliye nacho. Hata hivyo picha ile ilinakiliwa kwa zaidi ya karne mbili kama sura halisi ya kifaru. Naamini ilifaulu kwa sababu vipande vile vya deraya vimechorwa na mtu aliyejua deraya: kimoja kinapita juu ya kingine pale panapostahili, na penye kiungo pameachwa nafasi ya kukunja mguu. Ukweli wa kifaru ulikosekana, lakini ukweli wa kitu kingine ukaibeba picha nzima.

Kwa nini Kibogoyo hana meno? Dubwana gani hilo?

Swali hili huletwa kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, na linanifurahisha kila linapokuja.

Kakakuona hana jino hata moja. Humeza wadudu wazima wazima pamoja na vijiwe na mchanga, kisha tumbo lake lenye misuli minene husaga vyote pamoja. Nilipolijua hilo nilikuwa nimekwisha kuchora dubwana la kinamasini lenye meno ya kawaida ya mamba, nikayafuta yote. Kibogoyo wa sasa ana ukubwa wa nyumba, hula konokono na magugu ya majini, na tumboni amebeba mawe ya mtoni yanayolingana na vichwa vya watu. Hawezi kumuuma mtu hata akitaka. Akitembea, lakini, mawe yale husagana, na kijiji kizima husikia mkwaruzo gizani kabla ya kuona chochote. Hofu yote iliyomzunguka imejengwa juu ya sauti ya mmeng'enyo wa chakula. Wanakijiji husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kibogoyo amewajua miaka yote hiyo na hajala hata mmoja, wala hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha methali.

Kuondoa meno kulibadilisha uso mzima. Mnyama asiyetafuna hahitaji misuli mikubwa ya taya, kwa hiyo panja zinabonyea, mashavu yanaingia ndani, na taya la chini linakuwa jembamba. Matokeo yake ni uso wa mzee mpole juu ya mwili unaoziba njia. Nisingeufikia uso huo kwa kukaa na kufikiria upole. Niliufikia kwa kufuata chakula.

Katika fremu, sauti humtangulia. Neno la mkwaruzo naliandika kwanza dogo sana pembeni mwa fremu ambayo haina mtu, na katika fremu zinazofuata linakua na kusogea katikati mpaka herufi zinakatwa na mipaka ya fremu. Karani anapouliza, "Chakula?" fremu inayofuata haina maneno: ni kinywa kilichoachama, ufizi mtupu, na ndani kabisa, kooni, jiwe moja linalong'aa kwa maji.

Mbona majitu yako yana miguu minene hivyo?

Kwa sababu ni mazito. Mnyama akikuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kina, uzito wake huongezeka mara 8, ilhali eneo la mkato wa mifupa yake, ambalo ndilo linaloubeba uzito huo, huongezeka mara 4 tu. Galileo aliieleza hesabu hii katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, akaweka na mchoro wa mfupa mdogo kando ya mfupa wa jitu: ule mkubwa una urefu wa mara tatu tu, lakini umenenepa hadi umekuwa kama gogo. Mtu wa mita 1.7 akigeuzwa jitu la mita 17 bila kubadilishwa umbo, atakuwa mzito mara 1,000 na mifupa yake itakuwa na nguvu mara 100. Hatua ya kwanza tu, miguu ingevunjika.

Kwa hiyo majitu yangu yana miguu ya tembo, iliyonyooka chini ya mwili, na hayaruki. Tembo pia haruki. Likiketi, jitu langu huhitaji fremu tatu kuinuka, na Karani hujifunza mapema kutouliza maswali yanayolilazimisha kusimama.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya kubuni, na kwamba fizikia ingeachwa mlangoni. Uchawi ninao, ila nautumia kwa kubana. Joka likitema moto siwajibiki kueleza moto umetoka wapi, lakini likitua juu ya paa ni lazima paa libonyee, maana msomaji hana uzoefu wa kutema moto na anao uzoefu wa kila siku wa vitu vizito.

Unafanyaje dubwana lionekane kubwa katika fremu ndogo?

Wengi hulijaza dubwana fremu nzima, nalo likabaki na ukubwa wa mbwa aliyesogelea kamera. Ukubwa unatokana na mstari wa upeo. Mstari huo uko kwenye kimo cha macho ya anayetazama, hivyo kitu chochote kinachouvuka kwenda juu ni kirefu kuliko macho yake. Nikiuweka upeo kwenye vifundo vya miguu ya jitu, nimemweka msomaji chini kabisa bila kumwambia. Baada ya hapo naongeza kitu kimoja ambacho ukubwa wake unajulikana, kwa mfano mlango, ngazi au ndege wachache waliotua begani, na sehemu za mwili zilizo mbali nazichora kwa mistari miembamba na kivuli hafifu zaidi, kwa kuwa hewa iliyo kati yetu na kitu cha mbali hukififisha. Kitu kimoja kinatosha. Ukiweka vitano, msomaji anaanza kuvihesabu.

Kwa nini majoka yako yana miguu miwili tu?

Yana minne, ila miwili ni mabawa. Wanyama wote wenye uti wa mgongo waliowahi kuruka kwa kupiga mabawa, yaani ndege, popo na wale watambaazi wenye mabawa waliotoweka pamoja na dinosauri, walifanya hivyo kwa mikono yao. Joka la miguu minne na mabawa mawili lina viungo sita, na hilo si dhambi, lakini mchoraji anadaiwa jozi ya pili ya mabega pamoja na misuli yake. Deni hilo kwa kawaida halilipwi; mabawa hubandikwa tu mgongoni.

Mabawa ya majoka yangu ni ya popo: ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu, huku kidole gumba kikiachwa huru na ukucha wake, na majoka hukitumia kupanda miamba. Kifua kimetokeza mbele, kwa sababu ndege anayeruka ana mfupa uliochomoza kifuani ambao misuli mikubwa ya mabawa hujishikiza hapo, na joka lenye kifua bapa haliwezi hata kupuliza vumbi. Ardhini hutembea kwa miguu yote minne, mabawa yakiwa yamekunjwa na uzito ukikaa kwenye viganja. Namna hiyo ya kutembea naiazima kwa Quetzalcoatlus, mtambaazi wa kale ambaye upana wa mabawa yake ulifika takriban mita 10. Kuna kitu cha aibu katika mwendo huo, kama mtu anayetembea na mwavuli chini ya kila kwapa, nami nimekipenda kwa sababu majoka ya hadithi hii yana majivuno mengi na yanahitaji kupunguzwa.

Dubwana la kisimani tutaliona lini?

Litaonekana, lakini halitaonekana lote. Anayetaka kuelewa sababu asome hadithi ya Sultani Majinuni, ile ya nunda mla watu, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Paka wa sultani anakula ndama, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila akishtakiwa sultani anajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake, mpaka paka yule anakuwa nunda na zamu inawafikia watu. Mwana mdogo anapokwenda kumsaka, analeta mnyama mmoja baada ya mwingine akidhani ndiye, na kila mara mama yake anamwambia siye. Nunda anapofika hatimaye, msikilizaji amekwisha kuonyeshwa kila kitu ambacho nunda sicho, naye amejijengea mwenyewe kitu kikubwa kuliko vyote hivyo. Sijaona njia bora ya kumficha mnyama.

Ninavutiwa pia na chanzo cha balaa lile. Paka alikuzwa na neno la sultani, mlo kwa mlo. Katika sura ya kisima, msomaji makini ataona kwamba kila anayeteka maji pale anatupa kitu ndani kwanza, na kwamba vitu vinavyotupwa vinazidi kuwa vikubwa.

Je, hadithi hii inafaa kwa watoto?

Kwa maoni yangu inawafaa watoto kuanzia miaka 10 hivi, isipokuwa sura ya kisima, ambayo ningependa mzazi aisome kwanza. Kifo kimo, ila damu ya kujionyesha haimo. Nimegundua kwamba watoto hawasumbuliwi sana na sura mbaya. Kinachowasumbua ni dubwana lisiloeleweka linataka nini, na hilo huwasumbua hata wakubwa.

Unatumia vifaa gani?

Nachora kwa mkono kwenye karatasi nene, laini, isiyonyonya wino, yenye ukubwa wa A3. Ukurasa ukipunguzwa baadaye, mistari hujibana na mitetemo midogo ya mkono hupotea. Mchoro wa awali naufanya kwa penseli ya samawati hafifu. Zamani kamera za wachapaji hazikuinasa rangi hiyo, hivyo mchoraji hakulazimika kuifuta. Siku hizi programu ya kompyuta huiondoa kwa urahisi uleule, na karatasi haichubuliwi na kifutio. Juu yake napitisha wino mweusi wa kaboni, kwa nibu kwenye nyuso na mikono na kwa brashi kwenye manyoya, maji na giza. Wino wa kaboni haupauki kwa mwanga, tofauti na kalamu nyingi za rangi ambazo mchoro wake ukitundikwa ukutani hupauka polepole.

Kisha ukurasa unapitishwa kwenye skana kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, kwa sababu mistari myeusi mitupu huonyesha ngazi ngazi ukingoni ikiwa kipimo ni kidogo. Rangi na maneno naviweka katika Krita, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuanza nayo. Wanaoniuliza nibu ya kampuni gani watanisamehe nisipojibu. Nibu nzuri ni ile ambayo umekwisha kuijua tabia yake.

Ukurasa mmoja unatengenezwaje, hatua kwa hatua?

Huanza na maneno. Naandika mazungumzo yote ya ukurasa kwenye karatasi ya kawaida, nayasoma kwa sauti, nakata yanayoelezea kile ambacho picha itaonyesha. Halafu nachora ukurasa mdogo, wa ukubwa wa kadi, ambao watu ndani yake ni vijiti na madubwana ni madoa meusi. Hatua hiyo ya madoa ndiyo ninayoiogopa zaidi. Dubwana likijazwa weusi mtupu, bila jicho wala gamba, linapaswa bado kutambulika kwa umbo lake la nje, na likishindwa linarudi kwenye daftari la michoro hata kama magamba yake yalikuwa mazuri kiasi gani.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wangu ni kwamba viputo vya maneno nachora kabla ya watu. Kiputo huchukua nafasi, nacho ndicho kinachoamua jicho la msomaji litoke wapi liende wapi. Kikibaki mwisho, kinaishia kufunika mkono uliochorwa kwa taabu au kumfanya msomaji asome jibu kabla ya swali. Karani huwekwa kushoto kila inapowezekana, kwa kuwa yeye ndiye anayeuliza na sisi husoma kutoka kushoto. Dubwana likihamia kushoto, msomaji na ajue kwamba sasa anayehojiwa ni Karani.

Kwa nini kila sura ina rangi moja tu?

Rangi moja huwa na kazi, rangi kumi huwa pambo. Katika sura ya Kibogoyo rangi pekee ni waridi, nayo haitokei mpaka afungue kinywa. Katika sura ya majoka ni chungwa la moto, na mara ya kwanza linaonekana kwenye mshumaa wa Karani.

Kwa nini hutumii mtindo wa kuteremsha skrini?

Nauheshimu. Mwaka 2000 mchora katuni Mmarekani Scott McCloud alitoa hoja kwamba skrini si lazima iwe ukurasa, inaweza kuwa dirisha linalotembea juu ya turubai lisilo na mwisho, na muda si mrefu wachoraji wa Korea Kusini wakaijenga sanaa nzima ya katuni zinazosomwa kwa kuteremka, ambayo leo inatawala kwenye simu. Kwa hofu mtindo huo ni hodari: nafasi tupu ndefu inakulazimisha ushuke gizani kwa kidole chako mwenyewe. Mimi nimebaki na ukurasa kwa sababu nahitaji fremu zinazotazamana. Fomu ya Karani iko juu, dubwana liko chini, na ucheshi uko katika kuviona vyote viwili kwa wakati mmoja. Sura ya kisima, hata hivyo, imeteremka, na aliyeisoma ameelewa kwa nini.

Kurasa mpya hutoka lini?

Moja kwa wiki. Wiki isiyo na ukurasa huwa na mchoro wa dubwana.

Je, naweza kuyachora madubwana yako, au kuweka picha zake kwenye ukurasa wangu?

Kuchora, tafadhali chora. Michoro ya wasomaji naipenda, hasa inayokosoa mifupa yangu. Kwa picha zangu zenyewe, unaweza kuonyesha fremu chache ukitaja jina la hadithi. Usizikate saini, usiziuze, wala usizichapishe kwenye nguo au vikombe bila idhini ya maandishi.

Kuna wanaodhani kwamba kitu kisichosajiliwa hakina mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao ulitiwa saini mwaka 1886 na ukarekebishwa mara kadhaa baadaye, hakimiliki inapatikana pale kazi inapoundwa, bila kusubiri usajili, nayo hudumu maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, huku nchi nyingi zikiongeza hapo. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa na kuchorwa, wala hailindi wazo lenyewe. Majoka, mazimwi na majitu si mali yangu wala ya mtu yeyote. Hata dubwana lisilo na meno ni huru kwako. Kibogoyo, kwa sura yake na mawe yake na maneno yake, ndiye wangu.

Naweza kumchora Kibogoyo mwilini kwa wino wa kudumu?

Unaweza, na sihitaji malipo. Mwambie fundi wako asimwekee meno.

Unatumia akili mnemba kuchora?

Hapana. Sababu yangu ya kwanza ni ya kikazi kuliko ya kimaadili: picha inayotolewa na programu hizo kwa kawaida inakuja na uso wa dubwana uliokamilika, wenye kila gamba, bila mtu kuwa ameamua linakula nini. Sehemu ya kazi ninayoipenda ndiyo hiyo iliyorukwa. Suala la michoro ya watu kutumika kufunzia programu bila idhini yao nalo ni zito, na siruhusu michoro yangu itumike hivyo.

Unapokea kazi za kuagizwa?

Napokea chache, kati ya sura moja na nyingine. Nipe maelezo ya makazi, chakula na tabia ya dubwana unalolitaka, uniachie sura. Maombi ya "libaya kupita yote" nayarudisha.

Ninaanza kuchora madubwana. Nifanye nini kwanza?

Chagua mnyama mmoja ambaye unaweza kumwangalia akiwa hai: kuku, mjusi, kaa, panzi, chochote. Mchore mara nyingi akiwa anafanya mambo ya kawaida, hasa anapobadilisha mkao, maana pozi la kunguruma ni rahisi na kila mtu analijua. Tazama uzito wa kuku unavyohama kabla hajanyanyua mguu, na namna kichwa chake kinavyobaki palepale hewani huku mwili ukisonga mbele, kisha kichwa kinaurukia mwili na kutulia tena. Ukishaweza kulichora hilo, mkuze kuku huyo awe na ukubwa wa basi, unenepeshe miguu kama tulivyoona hapo juu, badilisha kitu kimoja tu, na uulize mabadiliko hayo yanadai nini kwingine. Ukimpa kuku wa ukubwa wa basi macho ya usiku, atahitaji mahali pa kujificha mchana. Mahali hapo ni wapi, na nani anaishi jirani? Hapo umekwisha kuingia kwenye hadithi, na bado hujachora jino.

Kunakili kazi za wachoraji wengine kwa ajili ya mazoezi hakuna ubaya, mradi usiziite zako. Ila anayenakili madubwana ya wengine pekee anarithi hata yale ambayo wenyewe hawakuyafikiria vizuri.

Kitabu cha karatasi kitatoka?

Kurasa zimeandaliwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo: zimehifadhiwa kwa ukubwa wa kuchapishwa, picha zinazofika ukingoni zina ziada ya kukatwa, na rangi zimechaguliwa kwa kukumbuka kwamba baadhi ya rangi zinazong'aa kwenye skrini haziwezi kupatikana kwa wino wa mashine ya kuchapia. Chungwa la moto wa majoka ndilo linalonipa kazi. Sura zikitimia zinazotosha kitabu, nitatangaza.

Mbona pembe ya kushoto ya Kibogoyo mara ni ndefu, mara ni fupi?

Pembe zake ni za aina ya nyati, yaani mfupa ndani na gamba gumu nje, na pembe za aina hiyo hazidondoki wala ncha iliyokatika haioti tena, tofauti na zile za kulungu wa nchi za baridi, ambazo ni mfupa mtupu na huota upya kila mwaka. Ncha ya kushoto ilikatika siku daraja lilipovunjika. Kwa kuwa hadithi haisimuliwi kwa mpangilio wa matukio, pembe ndiyo kalenda: ikiwa nzima, tukio ni la kabla ya daraja; ikiwa fupi, ni la baadaye. Wasomaji watatu au wanne wamebaini kwamba katika sura ya kisima, ambapo daraja limekwisha kuvunjika, kuna fremu moja yenye pembe mbili nzima zinazochomoza kwenye magugu. Fremu hiyo sikuikosea, na sitasema zaidi ya hapo mpaka Karani afike upande wa pili wa kinamasi na daftari lake.